Shoo ya kuchangisha hela ya kikundi jumuishi cha maigizo: anzeni hapa

Maswali yanayonifikia ni yaleyale kila mara. Tuanzie wapi, hela inatoka wapi, mwenzetu wa kiti mwendo atapandaje jukwaani, mkalimani wa lugha ya alama anakaa upande gani, na lile linaloniuma kuliko yote, "tuandikeje barua ili watu watuonee huruma watuchangie". Nimeona bora niandike mara moja kila kitu kikae sehemu moja, halafu nyie mchukue kinachowafaa.

Kwanza tuelewane. Kikundi jumuishi ninachosema ni kile ambacho wenye ulemavu na wasio nao wanaigiza pamoja, wanaamua pamoja, na hela wanaihesabu pamoja. Kama wenye ulemavu wanaletwa tu siku ya shoo wapigwe picha, hicho ni kitu kingine na mwongozo huu hautawasaidia.

Kabla hamjaanza, muwe na hivi

- Miezi minne, mitano ikiwezekana. Miwili haitoshi, mtawachosha watu bure.
- Kamati ya watu wanne mpaka sita, wawili wao angalau wawe na ulemavu na wawe na kura kama wengine, sio kukaa tu wakisikiliza.
- Akaunti kwa jina la kikundi, hela isitoke bila saini mbili. Hela ya mchango ikipita kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu vipi, siku moja itawagombanisha.
- Daftari la hesabu, la karatasi au la kwenye kompyuta, lolote ila liwe moja.
- Mchezo wa saa moja au saa moja na robo. Wa saa mbili na nusu usubiri mpaka mzoee.
- Mtu mmoja wa mahitaji ya ufikivu, yaani kazi yake ni kuhakikisha kila mtu anaingia, anaona, anasikia, anaelewa na anapumzika. Asipewe kazi nyingine, maana ikizidi ndo hii itakayoachwa.

Haya tuanze.

1. Semeni hela ni ya nini

"Kusaidia kikundi" halimfanyi mtu atoe chochote. Lakini ukimwambia tunataka mteremko wa kubebeka wa kupandishia kiti mwendo ili tuweze kuigiza ukumbi wowote, au tunalipa wakalimani wa mwaka mzima, au nauli ya waigizaji wanane kuja mazoezini kwa miezi sita, hapo anaona anachonunua. Chagueni kitu kimoja, kiandikeni kwa sentensi moja ambayo mwanakikundi yeyote anaweza kuisema akiulizwa njiani, na wale wanaowasiliana kwa picha au kwa alama nao wawe na namna yao ya kuisema.

2. Muulize kila mtu anahitaji nini

Kila mtu, hata yule unayedhani hana shida yoyote. Na usiulize "una ugonjwa gani", haikuhusu na haikusaidii kupanga kitu. Uliza hivi: unafikaje mazoezini na nani anakurudisha, skripti unaitaka kwa namna gani (maandishi makubwa, nukta nundu, sauti, picha), unachoka baada ya muda gani, kuna sauti au mwanga unaokusumbua, dawa unakunywa saa ngapi, ukizidiwa tufanye nini na tusifanye nini.

Hilo la mwisho muhimu sana. Kuna watu ukiwashika wakizidiwa unazidisha. Wakuambie wenyewe mapema, wakiwa wametulia.

Majibu yahifadhiwe na yule mtu wa ufikivu tu, yasizunguke kwenye grupu la WhatsApp.

3. Chagueni mchezo

Hapa watu wanaingia kwenye matatizo ya haki za mwandishi bila kujua. Ukichaji tiketi kwa mchezo wa mtu aliye hai au aliyekufa si zamani, lazima uombe ruhusa na mara nyingi ulipe, na kusema "ni ya hisani" hakukuondolei hilo. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa haki za waandishi, unalinda kazi kwa muda wote wa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, ila nchi nyingi zimepandisha zikafika 70. Shakespeare amekufa 1616 kwa hiyo yeye yuko huru, lakini tafsiri yake ina haki zake, usichukue tafsiri ya juzi ukadhani nayo iko huru. Muziki nao vilevile.

Kwangu mimi njia nzuri kuliko zote ni kutunga wenyewe. Mnakaa, mnaigiza papo kwa papo, anayerekodi anarekodi, mnachuja, baada ya wiki sita mna mchezo ambao kila nafasi imekatwa kama nguo ya fundi, kwa kipimo cha mwili na sauti ya anayeivaa. Back to Back Theatre ya Australia, iliyoanza 1987, imejenga jina lake dunia nzima kwa namna hii, waigizaji wenyewe ndio watunzi. Graeae ya London ilianzishwa 1980, nayo inaongozwa na wasanii wenye ulemavu, na lugha ya alama na maelezo ya sauti (yale ya kuwasimulia wasioona kinachotokea jukwaani) wanayatia ndani ya mchezo wenyewe tangu mwanzo badala ya kuyabandika pembeni mwishoni. Muwaangalie hawa muone kiwango kinaweza kufika wapi.

Angalizo: msimpe mwenye ulemavu nafasi ya mti, au ya malaika asiyesema, au ya mgonjwa anayepona mwishoni watu walie. Mpeni mwizi, hakimu, mama mkwe, mpenzi. Watu wanataka kuigiza, si kupamba.

4. Nendeni ukumbini na futi ya kupimia

Usikubali neno la kwenye simu. Sisi tuliwahi kuambiwa ukumbi "unafikika kabisa", tukalipa, tunafika kumbe mteremko upo mlango wa nyuma wa mizigo na una kufuli ambalo ufunguo anao mtu aliyesafiri, halafu jukwaa lenyewe lina ngazi nne. Watazamaji wangeingia, mwigizaji wetu mkuu asingepanda. Tangu siku hiyo napima mwenyewe.

Pimeni hivi:

Mlango uwe wazi sentimita 80 na zaidi, ukipima ile nafasi ya kupita yenyewe, si ubao wa mlango. Kiti mwendo kinataka duara la kama mita moja na nusu ili kigeuke, na hilo liwepo chooni, liwepo chumba cha kuvalia, liwepo nyuma ya jukwaa. Mteremko usizidi moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kupanda inadai sentimita 12 za urefu. Fanyeni hesabu: jukwaa la sentimita 60 linataka mteremko wa mita 7.2, na wengi wakisikia hivyo wanashtuka maana walikuwa wanafikiria ubao wa mita mbili. Ubao wa mita mbili kwenye jukwaa hilo ni ajali, usimpitishe mtu hapo hata kama watu wanne wamemshika.

Jibu rahisi? Acheni jukwaa. Igizeni chini sakafuni, watazamaji wakae pande tatu, safu za nyuma ndio ziinuliwe. Hela ya mteremko imebaki na watazamaji wamesogea karibu, na ukizoea hutataka kurudi juu.

Angalieni pia kuna chumba kidogo cha utulivu cha mtu kwenda kupumua, viti mwendo vinakaa wapi (visiwe vyote safu ya nyuma pembeni, na mwenzake akae naye), na king'ora cha moto kina taa au sauti tu. Kiziwi hasikii king'ora. Na lifti wakati wa moto haitumiki, kwa hiyo pangeni kwa majina nani anatoka na nani, kupitia wapi.

5. Bajeti

Andikeni gharama za ufikivu KWANZA, juu kabisa, kabla ya mavazi na kabla ya mabango. Ukiziweka chini ndo zinazokatwa hela ikipungua, nimeona mara nyingi mno, mkalimani anafutwa ili pazia jipya linunuliwe. Zikiwa juu, kinachokatwa ni pazia, na hakuna aliyewahi kukosa mchezo kwa sababu ya pazia.

Mfano wa hesabu. Ukumbi una viti 120, maonyesho mawili, jumla 240. Usihesabu kwamba vitajaa, hesabu asilimia 60, yaani 144. Toa 24 vya bure vya wasaidizi na wageni, vimebaki 120 vya kulipia. Tuseme gharama zote ni 6,000 kwa hela ya kwenu, basi kila tiketi lazima ibebe 50 ili tu msipate hasara. Mkitaka kubaki na 3,000 mfukoni, ama tiketi iwe 75 ama mpate 3,000 kwa wadhamini. Umeona sasa kwa nini tiketi peke yake haitoshi? Vikundi vingi vinauza tiketi kwa nguvu zote, vinamaliza vimechoka, na kilichobaki ni cha kulipia ukumbi.

Wekeni na asilimia kumi ya dharura, msiiguse mpaka wiki ya shoo.

6. Tafuteni hela

Hii ndo sehemu mnayoiogopa kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Msiuze huruma. Nalisema hili nikiwa najua kwamba huruma inalipa, mara moja. Mtu anatoa kidogo, anajisikia vizuri, anaondoka, mwakani hakumbuki jina lenu. Na yule mwigizaji ambaye picha yake imetumika akionekana mnyonge anaiona, ndugu zake wanaiona, na akipanda jukwaani watazamaji wameshamwona kama mtu wa kusaidiwa, sasa atawaogopeshaje akiwa hakimu? Mchangiaji aliyekuja kwa sababu mchezo ni mzuri anarudi na mwenzake.

Barua ya kuomba iwe ukurasa mmoja. Aya ya kwanza mchezo unahusu nini na kwa nini ni moto. Ya pili ile sentensi yenu ya lengo na kiasi kinachotakiwa. Ya tatu mnachompa yeye: jina kwenye mabango, tangazo kwenye kijitabu cha shoo, viti kadhaa vya mbele. Ya nne tarehe mtakayompigia. Na mpigie kweli.

Mpangilio uwe hivi. Anzeni na vitu kabla ya hela, maana duka linaloona ugumu kutoa hela linaweza kutoa mbao, vitambaa, uchapaji, usafiri wa gari siku mbili, na kila kimoja kinafuta mstari kwenye bajeti. Halafu wadhamini wawili watatu wa hela taslimu. Halafu maombi kwa mifuko ya sanaa au ya watu wenye ulemavu kama ipo kwenu, hii ianze mapema kabisa kwa sababu majibu yanachukua miezi, na ukiandika taja kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 30, unazungumzia haki ya kushiriki utamaduni na sanaa. Nchi nyingi sana zimeuridhia, kwa hiyo hamuombi fadhila, mnaomba kitu kilichokubaliwa. Mwisho kabisa kuchangisha mtandaoni, na msifungue ukurasa ukiwa na sifuri, tafuteni watu kumi wa karibu wachangie siku ya kwanza, mgeni akifika akute moto umeshawaka.

Bahati nasibu inaingiza hela ila sehemu nyingi inahitaji kibali, ulizeni kwanza.

Picha na video: ruhusa iombwe kwa mwigizaji mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, umwonyeshe picha itaonekana wapi. Saini ya mzazi au mlezi haitoshi kama yeye mwenyewe hataki. Akibadili mawazo kesho, mnaishusha.

7. Mazoezi

Mafupi na mengi ni bora kuliko marefu na machache. Saa moja na nusu yenye mapumziko ya dakika 15 katikati, siku zilezile, saa zilezile, chumba kilekile, kwa sababu kuna wenzetu ambao mabadiliko ya ghafla yanawavuruga siku nzima. Ratiba ya picha ibandikwe ukutani.

Kusahau maneno msikugeuze kuwa aibu. Mkumbushaji anaweza kuwa mhusika ndani ya mchezo, karani wa mahakama mwenye faili mkononi kwa mfano, anamnong'oneza hakimu na watazamaji wanaona ni kawaida tu. Nafasi kubwa ziwe na watu wawili wawili waliozijua. Mwili una siku zake.

Mwongozaji: ongea na mwigizaji, si na msaidizi wake.

8. Tangazo na tiketi

Bango liseme wazi: mteremko upo, choo kipo, onyesho gani lina lugha ya alama, lipi ni tulivu (nalieleza namba 9), na namba ya kutuma ujumbe na si kupiga tu, maana kiziwi hapigi simu. Tangazo la picha mtandaoni liandikwe na maneno chini, programu ya kusomea wasioona mara nyingi haisomi vizuri maandishi yaliyo ndani ya picha. Msaidizi anayekuja na mtu aingie bure.

9. Ufikivu wa onyesho lenyewe

Wakalimani wawe wawili, wanapokezana kila dakika 20 au 30, na wapewe skripti wiki mbili kabla. Wasimame karibu na uigizaji, wawe na taa yao isiyozimwa hata jukwaa likiwa giza, na viti vya viziwi viwe upande huohuo.

Kwa wasioona, kama hamna vifaa vya kusikilizia, fanyeni hivi: nusu saa kabla ya shoo waalikeni waje kugusa mavazi na vifaa, watembee jukwaani, kila mwigizaji ajitambulishe kwa sauti ya mhusika wake. Haigharimu kitu na watu huikumbuka miaka.

Onyesho tulivu ni lile ambalo taa za watazamaji hazizimwi kabisa, zinapunguzwa, sauti kubwa zimeshushwa, mtu yuko huru kutoka na kurudi, kusimama, kupiga kelele. Kijitabu cha picha chenye kuonyesha kitakachotokea kitumwe wiki moja kabla. Mwanga wa kuwakawaka muutoe kwenye maonyesho yote, ule unaopiga zaidi ya mara tatu kwa sekunde unaweza kumwangusha mwenye kifafa.

10. Siku yenyewe

Fika mapema, washa kila kitu, pita njia zote ukiwa umekaa kwenye kiti mwendo au mwenzako anayekitumia apite mwenyewe mbele yako. Ombi la mchango litolewe mwishoni, wakati makofi bado yamo masikioni, na litolewe na mwigizaji, dakika mbili, ile sentensi yenu moja na kiasi kilichobaki. Hotuba ya dakika 15 ya mgeni rasmi inaua kila kitu, muombe azungumze kabla ya kuanza na kwa ufupi.

Hela ihesabiwe na watu wawili usiku huohuo, isainiwe.

11. Wiki inayofuata

Shukrani kwa kila mchangiaji ndani ya siku saba, pamoja na hesabu ya kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Hata kama hesabu ni mbaya itumeni. Na kikundi kikae kiulizane nini kilimchosha nani.

Mambo yakienda kombo

*Tiketi hazitoki na zimebaki siku kumi.* Acheni mabango, kila mwanakikundi awaandikie watu watano kwa majina. Rekodini kipande cha sekunde 40 cha mazoezi, kile kinachochekesha au kinachotisha, msirekodi mtu anayeeleza umuhimu wa mradi.

*Mwigizaji mkuu ameumwa asubuhi ya shoo.* Ndo maana nafasi ilikuwa na watu wawili. Kama hamkufanya, mtu asome na skripti mkononi, mwongozaji awaambie watazamaji, iendelee. Msimlazimishe mgonjwa.

*Mkalimani hakutokea.* Rusheni maandishi ya skripti ukutani kwa projekta, aliyeijua skripti abonyeze akifuata mchezo. Kwa hiyo iandaeni mapema hata kama mna mkalimani, na watangazieni viziwi mapema ili anayetaka kurudishiwa hela arudishiwe.

*Mtu amezidiwa jukwaani.* Ule mpango wa namba mbili. Mwenzake anayejua anamtoa au anakaa naye hapohapo, mwanamuziki anapiga kitu kilichopangwa, dakika tatu nne, mnaendelea. Watazamaji wanavumilia kuliko mnavyodhani.

*Mdhamini anataka picha za "kugusa moyo" la sivyo hatoi.* Mpeni picha za jukwaani, za watu wakiwa kazini. Akikataa, aende na hela yake, punguzeni mavazi.

*Mnataka kuwalipa waigizaji posho.* Lipeni, ni kazi, ila kama nchini kwenu kuna malipo ya serikali kwa wenye ulemavu ulizeni kwanza kama posho inayapunguza, na kila mmoja aamue mwenyewe akishajua.

*Shoo imeisha na kilichobaki ni kidogo kuliko lengo.* Semeni kiasi kilichopatikana, nunueni sehemu ya kitu kile, kama ni nauli lipeni miezi mitatu badala ya sita, muwaonyeshe waliochangia. Halafu mrudie mchezo uleule. Mavazi yapo, maneno mnayajua, gharama ya mara ya pili ni ukumbi na wakalimani tu, na hapo ndipo hesabu inapoanza kukaa vizuri.